Tupeane uzoefu: sarafu ya zamani uliyoikuta inauzwa kwa jina lisilo lake

Wakuu, kamwene.

Huku Nyanda za Juu Kusini maonyesho yetu ya sarafu ni gulio, mnada, meza ya sonara na kopo la bibi. Lakini sarafu zipo. Mjerumani alidai kodi ya nyumba kwa rupia, Mwingereza akaja na shilingi zake kuanzia 1921, na nyingi zilibaki kwenye makopo ya wazee mpaka leo. Tatizo ni majina. Muuzaji akiona maandishi asiyoyajua anaita "ya Mwarabu", akiona tai anaita "dhahabu ya Mjerumani", na bei inafuata jina hilo.

Naomba kila mwenye kisa akiweke hapa: uliikuta wapi, ilikuwa imeitwaje, ulijuaje kwamba sivyo, na ulimwambia nini muuzaji. Hilo la mwisho msiliruke.

Naanza. Kwenye gulio moja la Iringa kulikuwa na mzee mwenye mafungu mawili juu ya turubai. Fungu la Mjerumani kila moja elfu tano, fungu la Mwingereza zenye tundu kila moja mia tano. Watu wote waliinamia la Mjerumani, ambalo lilikuwa heller, yaani sarafu ndogondogo za Mjerumani, za kawaida na zilizolika. Mimi nikakaa na zenye tundu, nikasoma jina la mfalme moja baada ya nyingine. Georgivs, Georgivs, Georgivs, halafu senti 10 ya 1936 yenye EDWARDVS VIII.

Mfalme huyo, Edward wa Nane, alijiuzulu Desemba 1936 bila kutawazwa. Kwao Uingereza hakuna sarafu yake iliyowahi kuingia kwenye mzunguko. Lakini sarafu zenye tundu hazikuwa na picha ya mfalme, zilikuwa na jina tu, kwa hiyo zilikwisha kutengenezwa kabla hajajiuzulu: senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki, na nyingine za Afrika Magharibi, Fiji na New Guinea. Siyo za kukutoa kwenye umaskini, maana zilitengenezwa nyingi. Ila mia tano siyo bei yake. Nilimweleza mzee, nikampa elfu tano kama ya Mjerumani, akaanza kuzisoma zote upya palepale huku ananiuliza herufi. Ile furaha yake mimi sijaisahau.

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu

Ndaga kwa mada, kijana wangu.

Kijana mmoja aliniletea sarafu ya shaba nyekundu yenye picha ya mizani ya dukani na maandishi ya Kiarabu. Alikuwa ameambiwa ina miaka zaidi ya mia saba, kwa sababu shekhe alimsomea mwaka: 1299. Alikuwa anataka kuipeleka Dar kwa mamilioni.

Shekhe alisoma sawasawa kabisa. Kosa lilikuwa la aliyedhani huo ni mwaka wa Kizungu. Ni 1299 Hijria, yaani 1882, na sarafu ni paisa ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Ipo kwa wingi.

Sasa sikilizeni. Kwenye mfuko huohuo alikuwa na nyingine anayoiita "ndogo yake", nayo ya shaba na Kiarabu upande mmoja. Nikaigeuza: tai, na maandishi ya Kijerumani kuzunguka. Ile ni sarafu iliyoitwa "pesa", ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zilizotolewa miaka ya 1890 hadi 1892, 64 kwa rupia moja. Upande wa Kiarabu umeandikwa Sharika Almaniya. Hii nayo siyo adimu, lakini yake ilikuwa haijaguswa, hata manyoya ya tai yanahesabika, na kwa wakusanyaji hali ya sarafu ndiyo bei. Alitaka kuisugua kwa majivu na limau ing'ae. Nilimshika mkono.

Naomba hili liandikwe kwa herufi kubwa: MSISUGUE SARAFU. Ukishaisugua, ile rangi ya uzee hairudi, na mnunuzi anayejua atakupa sehemu ndogo ya bei, au ataiacha.

Sonara wa Mwanjelwa

Shikamoo mwalimu. Hilo la kusugua nalipigia mstari.

Sisi masonara tunaletewa "dhahabu ya tembo" mara kwa mara. Ya kweli ipo: rupia 15, Tabora, 1916. Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu haziwezi kuja kutoka Ujerumani, basi wakatengeneza kwenye karakana ya reli Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka kama elfu kumi na sita. Uzito gramu 7.17, dhahabu asilimia 75, tai upande mmoja, tembo upande wa pili, na herufi T.

Aliyekuja kwangu alitokea Chunya. Kipimo cha upana kilikubali, milimita 22 na kidogo. Mizani ikasoma gramu nne. Hapo kazi imekwisha, huhitaji hata tindikali: shaba ya njano iliyopakwa haiwezi kufikia uzito wa dhahabu kwenye umbo lilelile. Nilimwambia taratibu, maana alikuwa ameshakopa pesa aipate.

Lakini aliyemuuzia alimpa nyongeza, kipande cha kahawia kilichofungwa kwenye kitambaa kimoja na "dhahabu". Taji, herufi D.O.A. (Afrika Mashariki ya Kijerumani), 1916, na T chini. Heller 20 ya Tabora, halisi, kutoka karakana ileile. Zile zilipigwa kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, kwa taji kubwa na taji dogo, na mchanganyiko mmoja hauna bei sawa na mwingine. Nyongeza ndiyo iliyokuwa na thamani. Nilimuelekeza kwa mtu anayekusanya, sikuinunua mimi, kwa sababu kwangu ingeishia kuhesabiwa kama chuma chakavu.

Mtoto wa Njombe, sasa Berlin

Kamwene kaka zangu. Niongeze ya huku ugenini.

Kila mwanzo wa mwaka hapa Berlin kuna World Money Fair, ukumbi umejaa meza za wauzaji. Nilidhani nitapata rupia za kwetu kwa bei ya kutupa. Haiwezekani. Wajerumani wanazijua rupia zao mwaka kwa mwaka, herufi A ya kiwanda cha Berlin na J ya Hamburg, mpaka mkwaruzo.

Nilichojifunza ni kuacha meza ya "Makoloni ya Kijerumani" na kwenda kwenye masanduku ya mchanganyiko ya nchi nyingine, yale unayochagua kwa bei moja. Pesa anayoisema mwalimu nimeikuta kwenye sanduku la Uhindi, katikati ya robo anna, sarafu ndogo za huko. Ni shaba ileile na ukubwa unakaribiana, na aliyepanga aliona upande wa Kiarabu tu. Niliilipia bei iliyobandikwa kwenye sanduku, na muuzaji ni mtu wa kazi hiyo, kwa hiyo usiku nililala usingizi mzuri.

Binti Kalenga

Naona mtoto wa Njombe kagusa palipo na mzigo. Muuzaji wa Berlin ana vitabu vya bei mezani. Bibi yangu wa jirani hana.

Bibi alikuwa na rupia iliyo kubwa kuliko zote nilizowahi kushika. Simba chini ya mti upande mmoja, kofia ya vita ya Kaisari upande wa pili. Nikasoma: 2 RUPIEN, 1893. Za rupia mbili zilitolewa 1893 na 1894 tu, gramu 23 za fedha nzuri kila moja. Yeye alitaka elfu kumi, ya sukari na sabuni. Nilimwambia, "Bibi, hiyo hata fedha yake ikiyeyushwa inazidi elfu kumi, na isipoyeyushwa inazidi mara nyingi sana." Akanyamaza, akaifunga kwenye kanga. Nilimkopesha ya sukari.

Dereva wa Tunduma

Dada, kwa heshima, sikubaliani. Mimi nimetumia miaka kusoma hizi herufi. Maarifa ni mtaji. Bibi ametaja bei, nimelipa, hakuna wizi.

Binti Kalenga

Kaka, kwa mfanyabiashara mwenzio, sawa. Kwa bibi aliyekuita mjukuu wangu, ukamwamkia na kula ugali wake, siyo sawa. Kama maarifa ni mtaji, chukua faida yako wazi: mwambie utaiuza wewe na mtagawana.

Dereva wa Tunduma

Hiyo ya kugawana naikubali. Sikuwahi kuiwaza hivyo.

Sonara wa Mwanjelwa

Na kabla hatujaenda mbali: anayekwambia ananunua "rupia inayovuta mchele" kwa mamilioni ni tapeli, atakuomba pesa ya vipimo kwanza. Na msichimbe kwenye maboma ya zamani. Kuchimba mambo ya kale bila kibali ni kosa kisheria.

Fundi Cherehani, Mafinga

Wakuu, mmenifungua macho. Marehemu baba aliacha moja ya Mwingereza yenye simba, tuliambiwa ni "rupia ya Mwingereza", mwaka 1920. Sonara mmoja anaitaka kwa uzito. Nimpe?

Mleta mada

Usimpe bado. Shilingi za simba zinaanza 1921, na zile za mpaka 1946 zina fedha robo tu. Kwa 1920, ukubwa unaokaribia rupia, angalia kama imeandikwa ONE FLORIN. Florini ilidumu muda mfupi sana kabla ya shilingi kuchukua nafasi yake, nyingi zikarudishwa, na fedha yake ni nusu. Mkusanyaji atakulipa zaidi ya uzito. Usiipake kitu. Weka picha ya pande zote mbili na ukingo, mchana, karibu na dirisha, tuisome pamoja.