Trikoderma au karbendazimu kwa nyanya? Hela inatosha moja tu

Mkulima_Mpya: Wakuu, heshima zenu. Msimu uliopita nyanya zilininyaukia, zikafa moja moja. Dukani wana Trikoderma ya unga, ule fangasi rafiki wa kulinda mizizi, na dawa ya ukungu ya karbendazimu. Nichukue ipi? Nasia mbegu Jumamosi.

BabaTunu: Zilinyauka kitaluni au shambani? Uko wapi? Umetuletea mgonjwa bila kusema anaumwa wapi.

Mkulima_Mpya: Samahani mkuu. Ilula, Iringa. Zilikuwa shambani, zimeanza maua. Majani ya chini yaligeuka njano upande mmoja.

Mama_Kitalu: Njano ya upande mmoja inanukia fuzari, mnyauko wa fangasi wa udongoni. Ila hakikisha: kata shina karibu na ardhi, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria, na hapo zote mbili ni hela ya kutupa. Mishipa ya ndani ya shina ikiwa kahawia bila maziwa, yaelekea ni fuzari. Mimi natumia Trikoderma tu, tangu kitaluni, pamoja na mboji.

Mzee_wa_Solo: Hiyo Trikoderma ilinitia hasara. Pakiti niliikuta kwenye rafu ya dirishani, jua linaipiga. Nikamwagia shinani saa saba mchana, udongo umekauka. Siku ya tatu nikasema nijihami, nikaongeza karbendazimu palepale. Miche 600, niling'oa karibu yote. Mke wangu hadi leo akiona pakiti ya unga ananiuliza kama ni ile ya miujiza.

Mama_Kitalu: Mzee wangu, askari wako umemuua mwenyewe! Trikoderma naye ni fangasi, karbendazimu haimbagui. Jua nalo linamuua. Anatakiwa atangulie kwenye mizizi, udongo ukiwa na unyevu, ajizungushe kwenye nyuzi za fangasi mbaya azile. Fuzari akishapanda shinani umechelewa.

Mzee_wa_Solo: Sasa muuzaji hakunena kwa nini?

BabaTunu: Na wewe kibandiko hukusoma kwa nini?

Kijana_wa_Matenga: Mnabishana dawa, jamaa anarudia shamba lilelile? Fuzari hukaa udongoni miaka. Atafute mbegu inayovumilia, au aweke mahindi kwanza.

Mkulima_Mpya: Shamba la kukodi, mahindi hayarudishi kodi.

Mzee_wa_Solo: Heka moja huko mnakodi bei gani siku hizi?

Kijana_wa_Matenga: Karibu na maji usiulize.

BabaTunu: Mkuu, glasi umejaribu?

Mkulima_Mpya: Mashina nilishayachoma yote.