Beti ya risasi isiyo na mhuri: ni ya vita vya 1914–1918 au ya mwindaji?

Mjukuu wa Kirua (Moshi)

Salaam kwenu nyote. Tulipokuwa tukibomoa ghala la babu mzaa baba huko Kirua Vunjo tulikuta darini, nyuma ya debe la mbegu za kahawa, beti ya ngozi (nasema beti ya risasi, si beti za shairi). Ni mifuko mitatu iliyoshonwa kwenye mgongo mmoja, na kila mfuko una kifuniko chenye ulimi unaofungwa kwenye kifungo cha shaba kilicho chini. Nyuma kuna vitanzi vya kupitishia mshipi pamoja na pete ya chuma. Ngozi ni ya hudhurungi iliyokolea, imekauka, vifungo vimeota kutu ya kijani, na kifuniko cha mfuko wa tatu kimegandamana, hakifunguki. Nimetafuta mhuri wa kiwanda ndani na nje, sikuona hata herufi moja.

Baba alikuwa akisema kwamba babu aliiokota upande wa Kahe, Waingereza walipokuwa wakiwasukuma Wajerumani kuelekea mto Ruvu, yaani Machi 1916. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale aliyekuja nyumbani alidai kuwa kitu kisicho na mhuri ni kazi ya fundi wa kijijini, akataja bei ya mshipi wa mtumba, kisha akanishauri niipake samli na rangi nyeusi ya viatu ili ipendeze. Naomba kujua kama maelezo ya babu yanaweza kuwa kweli, na namna ya kuitunza kabla masika hayajaanza.

Mkusanyaji wa Arusha

Ndugu, kwanza weka samli kando. Sasa tuje kwenye beti yenyewe.

Umbo unalolieleza ni la mtindo wa Kijerumani wa mwaka 1909. Askari alivaa seti mbili kama hiyo, moja kila upande wa bizimu ya mshipi, na kila mfuko ulibeba risasi 20, yaani klipu nne za risasi tano tano, hivyo jumla yake ilikuwa risasi 120. Hata hivyo usikimbilie kushangilia, kwa sababu umbo la mifuko mitatu liliendelea kutumika hadi Vita vya Pili, ingawa mifuko ilikuwa midogo na kila mmoja ulibeba risasi 10 tu, na baada ya hapo majeshi mengine yaliliiga. Beti nyingi zinazouzwa leo kama za mwaka 1914 ni za hao wa baadaye.

Kuhusu mhuri, mnunuzi wako amekwambia nusu ya jambo. Beti za viwanda vya Ujerumani kwa kawaida zina jina la mtengenezaji, mji na mwaka, na za Uingereza zina alama ya mshale. Lakini Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, lilizingirwa baharini tangu mwanzo wa vita, na meli yao ya Rubens iliyofika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915 ilileta bunduki na risasi ambazo nyingine zililowa, zikabidi kufumuliwa na kukaushwa upya. Vitu vingine walijitengenezea humu humu nchini: ngozi za ng'ombe na za wanyamapori zilikuwepo tele, na magome ya kudabaghi, yaani ya kutengeneza ngozi isioze, yalipatikana kwenye mikoko ya pwani. Beti isiyo na mhuri yenye mshono wa mkono haiwezi kutupwa kwa sababu hiyo tu. Mimi binafsi ningeitamani kuliko yenye mhuri, maana mhuri ndicho kitu cha kwanza ambacho mghushi hujifunza kukipiga.

Kuna kipimo kimoja kisichodanganya kirahisi. Ngozi iliyobebeshwa risasi kwa muda mrefu hubaki na makunyanzi ya risasi hizo kwa ndani. Weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli taratibu, kisha pima umbali kutoka mstari hadi mstari. Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani mwanzoni zilikuwa na bunduki ya zamani ya mwaka 1871, ya risasi moja moja na baruti yenye moshi mzito, ambayo kitako cha risasi yake ni milimita 15 hivi. Kitako cha risasi ya bunduki mpya zaidi, Mauser ya 1898, ni milimita 12.

Fundi ngozi, Moshi mjini

Naongezea upande wa ngozi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Tazama ukingo uliochubuka wenyewe, usikate. Ikiwa moyo wa ngozi ni wa kahawia hadi ndani, ilidabaghiwa kwa magome. Ikiwa una rangi ya kijivu inayoelekea samawati, ni ngozi ya kromu, yaani iliyodabaghiwa kwa kemikali za kiwandani, nami ningeitilia shaka. Halafu angalia uzi: nailoni ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa hiyo mshono wa nailoni maana yake ni ya baadaye au ilikarabatiwa.

Samli usiitie kamwe. Ile kutu ya kijani kwenye vifungo hutokana na mafuta kukutana na shaba, kwa hiyo kila ukipaka unailisha, na mafuta hayo hayo huozesha uzi, hukaribisha kuvu na mende wa ngozi. Kutu hiyo itoe kwa kijiti cha meno kikavu. Vumbi lipeperushe kwa brashi laini. Ukigusa ngozi ikaacha unga mwekundu vidoleni, acha hapo hapo, kwani uozo huo haurudi nyuma, na maji huufanya kuwa mweusi na mgumu kama gamba.

Kwa masika, mifuko ijaze kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa ili isibonyee, usitumie gazeti. Iweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu, katika chumba cha ndani, mbali na ukuta unaotoka jasho. Mfuko wa nailoni uliofungwa ni jiko la kuvu. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia, ila vibadilishe.

Msomaji wa sheria

Nitasema mafupi. Mfuko uliogandamana ukikutwa na risasi, usiichokonoe wala usiitunze kama pambo. Toa taarifa polisi, kwani risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Na kabla ya kumuuzia mtu wa nje ya nchi, waulize watu wa Mambo ya Kale kwa maandishi.

Mjukuu wa Kirua (Moshi)

Nawashukuru sana wakubwa. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Moyo wa ngozi ni wa kahawia, na uzi ni wa katani au kitani, umetiwa nta, na mishono yake haikulingana. Kwenye mfuko wa kati penseli ilitoa mistari mitano, na kutoka wa kwanza hadi wa tano ni milimita 48. Kifuniko cha tatu kilifunguka kwa kijiti baada ya nusu saa ya subira. Hakukuwa na risasi, bali unga wa kahawia uliogandamana pembeni. Shangazi alinusa akacheka: babu alikuwa akiweka humo ugoro wake.

Mkusanyaji wa Arusha

Nafasi nne kwa milimita 48 ni 12 kamili, kwa hiyo ilibeba klipu za Mauser. Walowezi waliowinda nao walitumia Mauser, hivyo kipimo hiki peke yake hakimfukuzi mwindaji. Lakini mwindaji hana haja ya kujifunga mifuko ya risasi 60 upande mmoja wa kiuno, na Kahe palipiganwa kweli tarehe 21 Machi 1916, usiku wake Wajerumani wakavuka Ruvu. Mimi naegemea kwa babu yako. Mrekodi shangazi kwa simu akieleza alivyoiona beti hiyo utotoni, nani aliivaa na ilining'inizwa wapi, kisha karatasi yako ya penseli iandike tarehe na uiweke ndani ya boksi hilo hilo.

Na ugoro usiukung'ute.