Nina miaka 27, beki wa hoki ya barafu: niende kambi ya AHL au nikimbilie Ulaya?

BekiKushoto
wakuu habari za humu. naomba ushauri wa haraka kabla ya ijumaa. mimi ni mchezaji wa kulipwa wa hoki ya barafu, beki wa kushoto, nimekulia huku kwenye baridi. drafti ya NHL, ule uchaguzi wa vijana wa kuingia ligi kuu ya hoki ya marekani na kanada, ilinipita, nikasoma chuo miaka minne huku nacheza kisha nikaingia ECHL, ngazi ya tatu, juu yake kuna AHL halafu ndo NHL yenyewe. mpaka sasa nina mechi 214 za kulipwa, msimu uliopita nimecheza 68 kati ya 72.

sasa mezani kuna mambo mawili. timu ya AHL imeniita kambini kwa mkataba wa majaribio ule wa mechi 25, wanaweza kukuacha siku yoyote. klabu ya DEL2, ligi daraja la pili ujerumani, wananipa msimu mzima, nyumba na gari juu yao, mshahara ushakatwa kodi. wakala anasema ulaya. moyo unasema AHL. kubaki ECHL nako kunabana maana nikifikisha mechi 260 nahesabiwa mkongwe na timu haibebi wakongwe zaidi ya wanne. mwishoni mwa msimu nilipata kajeraha kadogo nimeshapona. msinitukane, natanguliza shukrani

KapteniMstaafu
Ulaya bila kufikiria mara mbili. Ligi hiyo ina mechi 52 tu, mwili unapumzika. Viwanja vingi vya kule ni vipana, mita 30 kwa upana, wakati huku ni kama 26, kwa hiyo beki mwenye miguu anapata nafasi ya kupumua na paki, kile kisahani tunachokipiga. Huku ukigeuka tu umeshabamizwa ukutani. Mkataba wa majaribio ni njia ya timu kujaza nafasi majeruhi wao wakiwa nje. Wakipona, wewe na begi lako mlangoni.

GlasiMbili
Mimi barafu naijua ya kwenye glasi. Ila nimesoma mpaka mwisho. Endeleeni, nimekaa paleee.

DerevaWaMashine
Mkuu usikate tamaa, hoki haina umri. Mimi naendesha mashine ya kusafisha barafu mwaka wa tisa sasa, na kila usiku nikizunguka namkumbuka David Ayres. Februari 22, 2020, jamaa ana miaka 42, kazi yake mashine kama yangu, ni kipa wa akiba wa dharura tu. Makipa wawili wa timu ya Carolina ya NHL wakaumia, wakamwingiza yeye dhidi ya Toronto, timu aliyokuwa akifanya nayo mazoezi. Mashuti mawili ya kwanza yakaingia yote. Akakaa sawa, akazuia manane yaliyofuata, wakashinda 6-3. Sasa wewe wa 27 unalia nini? Mimi viatu vyangu vya kuteleza viko chini ya kiti, siku wakiniita nawaka.

GlasiMbili
Dereva, wakikuita nani atasafisha barafu?

MamaWawili
Mwanangu, hako kajeraha ni ka wapi?

BekiKushoto
Asante Kapteni, hoja ya viwanja nimeielewa. Dereva, umenipa nguvu. Mama Wawili, shikamoo. Ni jeraha la kawaida la mchezo huu, daktari alilitazama, ratiba ya mazoezi ya kiangazi nimeimaliza yote. Ninachoomba ni ushauri kuhusu mkataba.

MamaWawili
Marahaba. Nimeuliza ka wapi.

MzeeWaHekima
Vijana wa siku hizi mnakimbiza jina. Mshahara wa chini kabisa wa NHL msimu wa 2025/26 ni dola 775,000, sawa, ni nyingi. Lakini wangapi wanafika? Timu ziko 32. Kila mwaka drafti inachukua vijana 224, na wengi wao hawachezi hata mechi moja ya NHL. Na wewe hata kwenye hao 224 hukuwemo. Shukuru ulichonacho, oa, tafuta kazi ya kueleweka. Nilimwambia hivi mdogo wangu aliyekuwa akicheza gitaa, hakunisikia, na leo hatusalimiani.

KapteniMstaafu
Mzee hilo la gitaa linahusiana vipi na beki?

BekiKushoto
Mzee, kwa heshima, kipa Tim Thomas alichaguliwa wa 217 kwenye drafti ya mwaka 1994, akazunguka mpaka Finland, akaja kucheza mechi yake ya kwanza ya NHL akiwa na miaka 28. Mwaka 2011 akabeba Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Mimi nina 27. Sioni nilichochelewa.

Mama, ni kichwani. Mtikisiko wa ubongo, Februari. Niligeuka nyuma ya goli kuchukua paki, nikagongwa kwa nyuma, paji la uso likapiga ukuta. Daktari aliagiza wiki sita, zikaisha, nikarudi.

MamaWawili
Nilijua. Mtu akisema "kajeraha" bila kutaja kiungo, kiungo hicho ni kichwa. Wa ngapi?

BekiKushoto
Wa pili.

BekiKushoto
Wa tatu, ukihesabu ule wa chuo.

KapteniMstaafu
Subiri kwanza. Hapo nafuta posti yangu ya mwanzo. Sasa swali si AHL au Ulaya.

BekiKushoto
Kwa nini lisiwe? Sidney Crosby aligongwa Januari 2011, watu wakasema amekwisha. Akarudi, akabeba kombe 2016 na tena 2017. Na kuna Willie O'Ree, mweusi wa kwanza kucheza NHL, Januari 18, 1958, akiwa na Boston. Jicho lake la kulia lilikuwa halioni baada ya kupigwa na paki. Akaficha. Angesema, asingecheza hata mechi moja kati ya zile 45, na sisi tuliokuja nyuma yake tusingekuwa na pa kuanzia. Kila chumba cha kubadilishia nguo kina mtu anayeficha kitu. Goti, bega, mkono uliovunjika. Mchezo huu ukisema kila kinachouma, nafasi yako anapewa mwenzako kabla hujafungua kamba za viatu.

MamaWawili
O'Ree alificha jicho lililokwisha kufa. Lisingekufa mara ya pili. Wewe unaficha kitu ambacho bado kizima nusu.

Na Crosby msimulie wote. Aligongwa tarehe 1, akacheza tena, akagongwa tarehe 5. Ndipo akakaa nje mpaka Novemba 21. Akacheza mechi nane, dalili zikarudi, akakaa tena mpaka Machi 2012. Huyo ni mchezaji mkubwa kuliko wote wa wakati wake, na klabu ilimsubiri. Wewe nani anakusubiri?

Thomas naye. Mwaka 2019 alipoingizwa kwenye jumba la heshima la hoki ya Marekani, alieleza jinsi ubongo ulivyomharibikia, akafika mahali hawezi kuamua ale nini wala aende wapi. Huyo ndiye mfano wako?

(Kabla hamjauliza: si daktari. Nimemlea mcheza hoki mpaka akaacha mwenyewe, na sikuyajua haya kwa kupenda.)

DerevaWaMashine
Mimi niligongwa na mlango wa mashine 2021, nikaona nyota siku mbili, nipo. Inategemea na mtu.

GlasiMbili
Dereva, ndiyo maana unangoja wakuite NHL.

NyunduYaUkweli
Jamani mnamjibu mtu anayewanywesha chai. Nimekaa kimya nikapiga hesabu. Ligi yake ina mechi 72 kwa takriban miezi sita, wastani wa karibu mechi tatu kwa wiki. Wiki sita nje ni mechi kumi na sita hivi. 72 toa 16 ni 56. Yeye kaandika 68. Mechi kumi na mbili kazitoa wapi, kacheza akiwa kitandani?

La pili. Posti ya kwanza, ukitoa majina ya ligi, haina herufi kubwa hata moja, sentensi zinakimbia kama mtu anafukuzwa. Kuanzia ya pili, nukta na mkato viko mahali pake kama barua ya wakili. Hawa ni watu wawili. Na anachelewa kujibu kila akibanwa. Huyu anaigoogle hoki, anatunga.

KapteniMstaafu
Daah. Hesabu iko sawa kabisa.

GlasiMbili
Chai, tena ya tangawizi. Mods fungeni uzi, ila mniachie nisome kwanza.

MzeeWaHekima
Uongo ndio unaoharibu taifa. Zamani mtu akiomba ushauri alikuja na mashahidi.

DerevaWaMashine
Mimi nimemwamini. Mtu hawezi kutunga habari ya wakongwe wanne. Hata mimi nilikuwa siijui.

NyunduYaUkweli
Kinachotungwa vizuri ndicho kinachoaminika, dereva. BekiKushoto, saa mbili zimepita. Jibu hesabu.

BekiKushoto
Hesabu ya Nyundu ni sahihi.

Wiki sita ndizo alizoagiza daktari wa hospitali niliyokwenda mwenyewe usiku ule, si daktari wa timu. Kwenye timu nilisema nimeshikwa na tumbo. Nikakosa mechi nne. Ya tano nikacheza, zamu za sekunde arobaini, nikirudi benchi naangalia sakafu ili taa zisinipige machoni. Goli la pili tulifungwa kwa sababu yangu, nilimwona mshambuliaji mmoja, kumbe walikuwa wawili.

Na kile kipimo cha ubongo tunachofanya kabla ya msimu, kinachotumika kulinganisha ukigongwa, nilikijibu ovyo makusudi. Ukianza na alama za chini, baadaye hawaoni kama umeshuka. Sikubuni mimi, nilifundishwa na mchezaji aliyenitangulia.

AHL nimeshawajibu. Niliwaambia nakuja.

MamaWawili
Umewajibu lini?

BekiKushoto
Kabla ya kuandika hapa.

KapteniMstaafu
Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba tukubariki.

NyunduYaUkweli
Hilo la kwanza umejibu. La pili bado. Nani anaandika?

BekiKushoto
Mimi ni dada yake. Posti ya kwanza aliandika mwenyewe juzi usiku, akamaliza akatapika. Skrini ikizidi dakika kumi kichwa kinampasuka. Zilizofuata amekuwa amelala kwenye kochi, kitambaa usoni, ananisemea mimi naandika, na za kwenu namsomea kwa sauti. Ndiyo maana majibu yanachelewa. Ya tumbo, ya kipimo, na kwamba ni wa tatu si wa pili, nimeyasikia leo kwa mara ya kwanza huku nikiyaandika.

Hii hajanisemea. Amelala. Ni saa kumi jioni.

NyunduYaUkweli
Dada, samahani. Hesabu niliifanya kwa ubishi tu.

BekiKushoto
Usiombe samahani. Bila hesabu yako asingesema.

GlasiMbili
Nimefuta utani wangu wa chai. Mods acheni uzi.

MamaWawili
Mwanangu, sikiliza. Akiamka usibishane naye habari ya hoki, atakushinda, ameifikiria miaka ishirini. Mwulize tu kama yuko tayari kuipeleka karatasi ya daktari yule wa Februari kwa daktari wa hiyo timu ya AHL, na akienda Ujerumani, kwa daktari wa huko vilevile. Kama mkataba unakufa kwa karatasi moja, ajue alikuwa anasaini nini. Hiyo karatasi ipo?

BekiKushoto
Ipo. Nimeikuta kwenye mfuko wa begi lake la vifaa nilipokuwa nalifungia stoo. Ufunguo ninao mimi. Sijui kama nimefanya vizuri, ni mtu mzima na mimi ndiye mdogo.

KapteniMstaafu
Viatu vyake vya kuteleza navyo viko humo ndani?

BekiKushoto
Vimo. Vimenolewa jana. Alivipeleka mwenyewe, kwa miguu, kwa sababu kuendesha gari hawezi.