Msaada: mwanangu ameleta kitoto cha kinyonga, nimwandalie makazi ya namna gani?

Mpera wa Chikongola (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nipo Mtwara mjini, Chikongola. Leo fundi alikuwa anachimba msingi wa stoo nyuma ya jiko, udongo ukatoka na vitoto vya kinyonga, vidogo mno, hakuna kinachozidi kidole cha mwisho. Vingi vimejiendea zao kwenye majani, vingine kuku waliwahi. Kimoja mwanangu wa darasa la tatu amekiokota, na hataki kusikia habari ya kukitoa.

Kwa sasa yupo kwenye ndoo ya plastiki, kifuniko tumekitoboa. Ndani kuna majani ya mpera na kizibo cha soda chenye maji. Maji hayagusi. Tumempa kipande cha nyanya na punje za wali, navyo hajagusa. Alipoletwa alikuwa kijani kibichi, sasa hivi amekuwa mweusi na kazi yake ni kuparamia ukuta wa ndoo na kuanguka.

Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu, ameniambia nimtoe kabla ya magharibi maana ana sumu na analeta nuksi. Mtoto analia. Mimi sitaki kiumbe huyu afie mikononi mwetu, na vilevile sitaki mtoto akue akijua kwamba kila asichokifahamu dawa yake ni fimbo. Wenye ujuzi naombeni mnielekeze: akae kwenye nini, ale nini, anywe vipi? Na hiyo sumu ni kweli?

Nyenje wa Usiku

Dada, kabla hujasoma ya wengine, mtoe kwenye ndoo sasa hivi. Plastiki inafungia joto na hewa haizunguki, na Mtwara msimu huu wa kaskazi ndoo iliyofunikwa mchana inamuua kitoto kama huyo kwa muda mfupi tu. Huo weusi na huko kuparamia ni kuelemewa.

Kata tawi la mpera lenye majani mengi, lisimamishe kwenye chupa yenye maji, mdomo wa chupa uzibe kwa kitambaa asije akatumbukia. Mweke juu ya tawi, kisha funika kwa kile kifuniko cha chakula cha wavu, cha kukunja, kinachouzwa sokoni. Weka kivulini penye hewa. Hiyo itamfaa kwa leo na kesho wakati unapanga mengine.

Maji: kinyonga hayatambui maji yaliyotulia. Unaweza kumjazia beseni na akafa kiu pembeni yake. Porini anakunywa umande na matone ya mvua yanayoning'inia kwenye majani, kwa hiyo wewe ndiyo uwe mvua. Chukua ile chupa ya kupulizia maji ya saluni (mpya, isiyowahi kutiwa dawa ya nywele), pulizia majani asubuhi na jioni mpaka yachuruzike. Usimlenge usoni. Kaa kimya umwangalie, utamwona anasogeza mdomo kwenye tone na koo linacheza. Katikati ya siku acha majani yakauke.

Sumu hana. Hakuna kinyonga hata mmoja duniani mwenye sumu. Mkubwa akikasirika hutanua mdomo na kufoka, na akikung'ata utasikia kubanwa, basi. Mtoto anawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika, maana reptilia wengi hubeba bakteria wa kuharisha.

Mpera wa Chikongola

Ahsante sana kaka. Nimeshamtoa, yuko kwenye tawi sebuleni karibu na dirisha. Tumempulizia maji, na amekunywa! Mwanangu ameruka mpaka kamshtua. Rangi imeanza kurudi kidogo kidogo.

Sasa nataka kumtengenezea kijumba cha kudumu. Ninacho chandarua cha zamani nilichopewa kliniki, naweza kukizungushia kwenye fremu?

Fundi Wavu

Chandarua cha kliniki HAPANA. Vile vimetiwa dawa ya kuua mbu, hiyo ndiyo kazi yake. Mdudu utakayemwachia ndani ataifia hiyo dawa, na kinyonga atamla huyo mdudu na kupanda huo wavu kutwa nzima. Kwa sababu hiyohiyo chumba alichomo kisipulizwe dawa ya mbu wala kuwashwa ile ya kuchoma.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue wavu wa madirisha, ule laini wa plastiki. Fremu ni mabaki ya mbao, fundi wako anayo hapo. Kwa kitoto, sentimita 30 kwa 30 na kimo cha 50 zinatosha. Ukimpa kubwa mno wadudu watapotelea humo na atashinda njaa. Akikua atahitaji kimo cha mita moja na zaidi, kwa sababu kinyonga anaishi kwa kwenda juu, chini anashuka mara chache. Pande zote ziwe wavu. Nimeona watu wanatumia tangi la kioo la samaki: hewa inalala humo, na akiiona sura yake kwenye kioo anadhani ni kinyonga mwenzake amemvamia. Mbao usizipake rangi wala vanishi.

Ndani jaza matawi membamba ambayo kiganja chake kinaweza kuyazunguka, mengine ya kulala, mengine ya kupanda. Mpera na mdimu ni mizuri sana. Awe na upande wenye majani mazito wa kujificha asikuone kabisa, na upande wa wazi. Chini tandika gazeti, ubadilishe kila siku. Maranda usiweke, atayameza akikosea shabaha.

Na awe mmoja. Kinyonga hataki mwenza ndani ya nyumba.

Mkulima wa Tandahimba

Naongezea chakula, maana nyanya na wali hatagusa hata umuimbie. Anakula mdudu aliye hai na anayetembea. Kipimo chetu: mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Kwa kitoto wa leo hiyo ina maana ya vile vijinzi vya kwenye ndizi mbivu, vipanzi vilivyoanguliwa juzi, na nyenje wadogo.

Vijinzi ni rahisi. Weka ganda la ndizi au kokwa la embe kwenye kopo la wazi pale jikoni, jioni litakuwa limejaa. Funika kwa kitambaa, kalifungue ndani ya kijumba chake. Kitoto anakula kila siku, na ale mpaka aache mwenyewe. Wadudu waliobaki usiku watoe, nyenje humtafuna akiwa usingizini. Panzi na nyenje wape mchicha au karoti kwanza, kilichomo tumboni mwao ndicho kitakachofika kwake.

Sasa sisi wa huku kusini tuna jambo letu. Ikifika mwezi wa sita tunaanza kupuliza salfa kwenye mikorosho kwa ajili ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho), na siku hizi kuna dawa za maji pia. Panzi wa shamba la korosho msimu huo usimletee kabisa. Chukua wa kwenye majani ya uani kwako ambako unajua hakujapulizwa kitu. Na vimulimuli hata siku moja, hao wana sumu inayoua mijusi na vinyonga.

Bibi wa Mikindani

Mwanangu, nimefurahi kusoma kwamba hukumpiga. Jirani yako usibishane naye, na sisi tulilelewa hivyohivyo, tukimwona kinyonga njiani tunabadili njia. Mwite siku moja aje amwone akidaka nzi kwa ulimi. Akili yake itafanya kazi yenyewe.

Sikuona aliyetaja mifupa. Kitoto kinachokua bila chokaa (kalsiamu) mwilini miguu yake inapinda na taya linalegea. Wewe uko pwani, dawa yake iko ufukweni. Pita pwani ya Shangani maji yakitoka, uokote ule mfupa mweupe mwepesi wa dome (mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi na pweza), ule tunaowatundikia kasuku. Uloweke usiku kucha utoke chumvi, uanike, uutwange uwe unga laini. Wadudu watikise kwenye unga huo kidogo kabla ya kumpa, siku moja ndiyo, siku moja hapana.

Na chokaa peke yake haifanyi kazi bila jua. Kila asubuhi, jua la saa moja na nusu mpaka saa tatu, mtoe nje na kijumba chake, nusu kiwe juani na nusu kivulini achague mwenyewe. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimfai. Akianza kuachama mdomo, joto limemzidi, mrudishe kivulini.

Mpera wa Chikongola

Shikamoo bibi. Nimeandika yote kwenye daftari. Kesho mwanangu anataka tuamkie pwani kutafuta mfupa wa dome.

Porini Lindi

Habari dada. Mimi nimefanya kazi ya wanyamapori miaka mingi, naomba unisikilize bila hasira.

Ushauri uliopewa hapo juu ni mzuri na kitoto ataishi. Lakini kinyonga ni mnyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali ili kumkamata na kumweka. Ukitaka kumfuga, nenda kamwone afisa wanyamapori wa halmashauri au ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) umweleze ilivyokuwa, watakuelekeza. Na akitokea mtu kukufuata inboksi akitaka kukununulia, mkatae. Vinyonga wamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini), na tangu 2016 Serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi kuna watu wanawatafuta kwa njia za vichochoro.

Kwa unavyoeleza, huyo atakuwa yule wa kawaida wa pwani yetu, mwenye vibamba viwili vya ngozi nyuma ya kichwa, ambaye akikomaa hufika sentimita 30 hivi pamoja na mkia. Mama yake alishuka mtini, akachimba uani kwako, akafukia mayai na kuondoka. Yamekaa ardhini miezi mingi yakisubiri mvua hizi. Kitoto hategemei mama hata siku ya kwanza, anatoka ardhini anajua kuwinda. Kwa hiyo hujamwokota yatima. Umemwokota mwenyeji wa uani kwako.

Maoni yangu ni kwamba makazi mazuri kuliko yote unayo tayari, ni huo mpera. Mpumzishe, mnyweshe, akishakuwa kijani na macho yamejaa, mrudishe asubuhi jua likishachomoza, kwenye kichaka kizito kimo cha kiuno, ndani ya uwanja wako huohuo. Usimpeleke mbali.

Korosho Ghafi

Mkuu Porini, sikubaliani. Umesoma kwamba kuku wamewala wenzake? Mtoto amemwokoa halafu umwambie amrudishe kwa kuku? Mwacheni amlee hata mpaka awe mkubwa kidogo.

Porini Lindi

Hoja ya kuku ni ya kweli na ndiyo nzito kuliko zote hapa. Vitoto vingi haviponi, ndiyo maana mama hutaga mayai kwa makumi. Lakini kuku anamla aliye chini. Aliye ndani ya matawi kimo cha kiuno hamwoni. Hatari ni saa za kushuka na kuvuka uwanja, na hilo mama wa nyumbani anaweza kulipunguza: kuku wafungiwe siku za mwanzo, matawi ya miti yagusane ili asilazimike kutembea chini, na usifyeke yale majani ya ukutani.

Na mtoto hapotezi kitu. Mpe tochi usiku, apite mpera tawi kwa tawi. Kinyonga akilala anakuwa mweupe, yuko kwenye ncha ya tawi, mkia umejikunja, anang'aa kwenye mwanga. Mchana hutamwona hata ukisimama naye uso kwa uso. Watoto wangu walikuwa wanajua kila kinyonga wa uwanja wetu analala wapi. Asubuhi apulizie majani maji kama kawaida, na lile kopo la ganda la ndizi alitundike mtini, vijinzi vitakuja vyenyewe.

Nyenje wa Usiku

Hapo kwa Porini naungana naye. Ila asitolewe kabla hajawa sawa. Angalia macho: yakibonyea ndani, kiu bado. Kinyesi chake kina sehemu nyeupe, ikiwa ya njano au rangi ya chungwa maji hayamtoshi. Na akifumba macho mchana, huyo mgonjwa, asiende popote.

Mpera wa Chikongola

Nimekaa na mwanangu tumeongea. Tutakaa naye kwenye kile kifuniko cha wavu mpaka macho yajae, kisha anakwenda kwenye mpera. Kilichomshawishi ni tochi. Kijumba cha mbao hatutengenezi, zile mbao tunazitumia kuzuia kuku upande wa mpera, na fundi nimemwomba ule udongo uliobaki auchimbe taratibu kwa mkono, huenda bado kuna wengine. Jirani naye nimemwalika, amesema atakuja ila atasimama mlangoni.

Mama Nachingwea

Nami niulize hapohapo. Uzio wangu wote ni minyaa na vinyonga nawaona. Nitundike kopo la ndizi huko?

Porini Lindi

Usitundike kwenye minyaa, si kwa ajili ya kinyonga, ni kwa ajili ya watoto watakaokwenda kumtafuta na tochi. Ule utomvu mweupe ukiingia jichoni ni hospitali. Panda mpera au mkomamanga hatua chache ndani ya uzio, tundika huko.