Likizo ya Ufini na watoto watatu na bibi yao: twende hadi Utsjoki au tutulie ziwani?

MamaWatatu
Habarini wapendwa. Mwaka huu likizo ya watoto tumeamua iwe Ufini. Wa kwanza ana miaka 14, wa pili 9, kitinda mimba 4, na mama mkwe tunaye, magoti yanamsumbua kidogo. Mume wangu keshapanga safari yote kwenye karatasi: Helsinki, Turku, Tampere, kisha gari moja kwa moja Rovaniemi hadi Utsjoki juu kabisa, akaone jua lisilozama, halafu tushuke. Wiki mbili! Tena anataka mwisho wa Agosti kwa sababu nauli za ndege hushuka. Mimi nikiitazama ile karatasi naona mifuko ya kutapikia tu. Mnaoishi huko au mliowahi kwenda, nishaurini. Nyumba za kukodi za ziwani zikoje? Na baridi je, kwa mtoto wa miaka minne?

BabaAino
Karibuni sana. Naishi huku, wanangu wamezaliwa huku, kwa hiyo sitamung'unya maneno: shemeji na jua lake watapishana. Utsjoki jua halizami kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai. Mwisho wa Agosti linazama kama kwingine kote, na usiku unahitaji koti.

Halafu shule za huku hufunguliwa kabla Agosti haijafika katikati. Zikifunguliwa tu, kiangazi cha watoto kimekwisha hata kama nje kuna joto. Sehemu nyingi za michezo hubaki na wikendi tu au hufunga kabisa. Njooni Julai. Juni nayo ni nzuri, ila kwepeni Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, Jumamosi ile inayoangukia kati ya tarehe 20 na 26. Helsinki nzima huhamia mashambani, mkabaki mnatazamana na milango iliyofungwa.

Umbali sasa. Helsinki hadi Utsjoki ni zaidi ya kilomita 1,200, hapo ni kwenda tu. Misonobari, misonobari, kisha reinidia, yule mnyama wa kaskazini mwenye pembe, kasimama katikati ya lami hana haraka yoyote. Mtoto wa miaka 4 amekosa nini hadi apewe adhabu hiyo? Shemeji akishikilia Lapland, yaani huko kaskazini, kuna treni ya usiku ya Helsinki–Rovaniemi yenye vyumba vya kulala, na hata gari linapakiwa. Ila Rovaniemi jua huanza tena kuzama wiki ya kwanza ya Julai, ajue hilo mapema.

Ningekuwa mimi, ningekaa Helsinki siku chache, kisha mökki (nyumba ya mapumziko) moja ya ziwani upande wa Tampere au ziwa Saimaa, wiki nzima bila kuhama. Tangazo la nyumba lisome hadi mstari wa mwisho. Moja ina mashine ya kuosha vyombo. Nyingine maji mnachota kisimani na choo kiko nje. Choo hicho, huussi, ni kijumba cha mbao: kiti chenye tundu, na kando yake ndoo ya mboji kavu na kata ya kuchotea. Ukimaliza unanyunyizia kata moja juu yake, basi, hakuna cha kuvuta maji. Kikitunzwa hakinuki. Wangu wanakipenda, isipokuwa suala la buibui. Kwa mama mkwe lakini, tafuta yenye choo cha ndani, na mwulize mwenye nyumba kuna ngazi ngapi kutoka maegesho hadi mlangoni na kutoka mlangoni hadi gatini. Nyingi zimejengwa kwenye miteremko ya mawe, na picha za matangazo hazioneshi mteremko. Shuka na taulo mara nyingi mnabeba zenu au mnalipia, na usafi wa siku ya kuondoka ni juu yenu.

Baridi usiihofu. Mchana wa Julai ni nyuzi 20 na kidogo; kuna wiki inakaribia 30, na kuna siku inashuka hadi 14 na mvua juu. Koti la mvua, buti za mpira, sweta moja nzuri kila mtu. Cha kuhofia ni mbu. Malaria hakuna, lakini wingi wao, hasa kaskazini, hukuwahi kuuona. Na kupe: jioni kagua watoto kwapani na nyuma ya magoti. Kuna chanjo ya homa ya ubongo inayoenezwa na kupe, muulizeni daktari mapema.

Inari_nitarudi
BabaAino anaionea Lapland. Si lazima gari: kuna ndege kutoka Helsinki hadi Ivalo, saa moja na nusu hivi, kisha mnakaa Inari. Makumbusho ya Siida yanaeleza maisha ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, vizuri mno, binti wa miaka 14 hatachoka, na ziwa liko hapo hapo. Ila kuhusu mbu nakubali kabisa. Tulivaa vyandarua vya kichwani, na picha zote za familia tuko kama wafuga nyuki.

Nesi_Mpole
MamaWatatu, kama pasipoti zenu zinahitaji viza ya Schengen (ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya), bajeti iwe hivi: mtu mzima euro 90, na wa miaka 14 analipa hizo hizo, wa miaka 9 euro 45, wa miaka 4 bure. Ninyi sita ni euro 405 kabla ya ada ya wakala. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Msingoje siku 15 za mwisho.

Helsinki usiache kigari cha mtoto. Anayekisukuma kikiwa na mtoto wa chini ya miaka 7 halipi nauli kwenye basi wala tramu. Feri ya kwenda ngome ya Suomenlinna inapandwa kwa tiketi ile ile ya mjini, dakika 15 tu majini. Mvua ikinyesha, maktaba ya Oodi, ghorofa ya juu, bure. Na chupa za soda msitupe: ile kubwa ya plastiki inarudisha senti 40 kwenye mashine ya dukani. Mkubwa wako atajua la kufanya.

Kuhusu sauna, chumba cha joto kali cha kuogea, mama mkwe asiogope. Wanawake huingia zamu yao, taulo inaruhusiwa, na benchi la chini lina joto la upole.

MamaWatatu
Mbarikiwe. Nimemsomea mume wangu kwa sauti. Amenuna, kisha akafungua tangazo la nyumba ya Saimaa na sasa anauliza kama boti imo kwenye bei. Twende Julai. Swali la mwisho: huyu wa miaka 4 atalalaje kukiwa kweupe?

BabaAino
Boti ya makasia mara nyingi imo. Ulizeni maboya ya kuvaa ya saizi za watoto, hayo ndiyo hukosekana. Usingizi ni kazi kweli. Mwulize mwenye nyumba kama kuna mapazia mazito. Yakikosekana, shuka jeusi na vibanio vya nguo. Na watoto msiwape chumba cha kaskazini-magharibi, maana jua la saa nne usiku linaingilia dirisha la huko.