Maharage yanapukutisha maua, tatizo mbegu au maji?

MamaShamba: Habari za humu wakuu. Nipo Lushoto, nimepanda mbegu mbili za maharage: Lyamungu 90 bondeni, Jesca kule juu. Namwagilia kwa mfereji, zamu ikifika. Ya juu ikigonga saa saba mchana majani yamelegea, maua chini. Nibadili mbegu?

Mndolwa: Mbegu haina kosa, dada. Udongo ukikauka, vitundu vya majani vinajifunga ili maji yasipotee. Hewa ya ukaa haiingii, usanisinuru (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) unashuka. Hali hiyo ikikuta maua au maganda yanajaza, mavuno yanapungua, debe utalisikia kwa jirani.

Mzee wa Mfereji: Ila bonde nalo usiligeuze jaruba la mpunga! Mizizi ikikosa hewa, majani yanakuwa njano. Chomeka kidole, udongo ukinata, zamu hiyo peleka juu.

MamaShamba: Bondeni unanata kweli. Ahsanteni.