Fidia ya kuumia: umalizane na bima mwenyewe, uweke wakili, mkae na msuluhishi au uende hadi hukumu?

Mizani_Sawa (mwanzisha mada)

Wakuu, tulinganishe njia nne za kudai fidia mtu anapoumizwa kwa uzembe wa mwingine: kumalizana na kampuni ya bima mwenyewe, kuweka wakili anayelipwa kwa asilimia, kukaa mbele ya msuluhishi, na kufungua shauri hadi hukumu. Tutumie mfano mmoja ili tusipishane. Mfupa wa muundi umevunjika, umefungwa chuma, na wiki ya sita bima ya aliyegonga imetuma ofa ya 100. Hiyo 100 ni kipimo tu, si sarafu ya nchi yoyote. Jibuni kwa hesabu. "Tafuta wakili mzuri" si jibu.

KaratasiKwanza

Kabla ya njia kuna suala la wakati. Wiki ya sita huwezi kulinganisha chochote, kwa sababu muundi uliovunjika mara nyingi huchukua miezi minne hadi sita kuunga, na chuma huenda kikahitaji kutolewa kwa upasuaji wa pili. Kama ufa umeingia kwenye goti, baridi yabisi ya kiungo inaweza kujitokeza miaka kadhaa baadaye. Ofa ya 100 imepigiwa hesabu ya risiti zilizopo leo. Ukishasaini hati ya kumaliza madai, upasuaji wa pili ni wako.

Kinachosubiriwa ni ripoti ya daktari inayosema hali imetulia na haitarajiwi kubadilika sana, pamoja na kiwango cha ulemavu wa kudumu kama upo. Wakati unasubiri, kusanya haya:

- Rekodi ya hospitali ya siku ya kwanza. Kila kinachouma kitajwe siku hiyo. Shingo ikionekana kwenye faili kwa mara ya kwanza wiki ya tatu, afisa madai wa bima atasema uliipata kwingine.
- Hati za mshahara za miezi sita kabla ya kuumia na zote za baada yake. Aliyejiajiri aandae taarifa za benki na za kodi.
- Saa za ndugu wanaokuuguza, kwa tarehe. Mahakama za nchi nyingi huzilipia hata kama ndugu hakukudai kitu.
- Daftari la kila siku. Usiandike "naumwa sana". Andika "Jumanne, ngazi 12 nimezipanda kwa kukaa na kujisukuma, usiku nimepata usingizi wa saa tatu tu."
- Barua ya kuomba picha za kamera zihifadhiwe, itumwe siku za mwanzo kabisa. Mitambo mingi hufuta ya zamani ndani ya siku au wiki chache, na hakuna anayeisimamisha kwa hiari yake.

Baki_Mkononi

Nashika hesabu. Tuseme wakili amefikisha 160 na mkataba wake ni 33%. Yeye anachukua 52.8, inabaki 107.2. Ripoti za wataalamu, ada za mahakama na nakala zimekula 15, unaondoka na 92.2. Ni pungufu ya ile 100 uliyoikataa. Ili wakili wa 33% akuzidishie hata senti moja, lazima afikishe takribani 172. Akiwa wa 40%, takribani 192.

Kuna mstari mmoja kwenye mkataba ambao watu huupita haraka: asilimia inakatwa kabla au baada ya kutoa gharama? Kwa 160 hiyohiyo, gharama zikitoka kwanza unabaki na 97.15 badala ya 92.2. Uliza pia nani analipa gharama mkishindwa. "Usiposhinda hulipi" mara nyingi inahusu ada ya wakili peke yake, si ripoti za daktari.

Mkataba wa asilimia wenyewe haupo kila mahali. Marekani ni jambo la kawaida, theluthi moja hadi 40%. Uingereza na Wales ada ya ushindi (nyongeza anayolipwa wakili akishinda) katika madai ya kuumia ina kikomo cha 25% ya fidia, ukiacha fidia ya hasara za baadaye. Kenya, mkataba wa wakili kulipwa akishinda tu ni marufuku kisheria. Kwa hiyo soma kwanza sheria ya unakodai, ndipo upige hesabu.

Msumari_wa_Mwisho

Mkuu Baki, hesabu ni sahihi ila imechukulia kwamba 100 ni yako tayari na kwamba 160 ndiyo dari. Bima hupanga ofa kwa kukisia utafika wapi. Mdai asiye na wakili, na asiye na ripoti ya mtaalamu, anaonekana hatafika mahakamani, na ofa inafuata sura hiyo.

Mimi nagawa hivi. Kosa limekubaliwa kwa maandishi, jeraha limepona kabisa na hasara ni risiti tupu: dai mwenyewe, wakili atakula bure. Ulemavu wa kudumu, mtoto, kosa linabishaniwa, wadaiwa ni zaidi ya mmoja, au kuna kipato cha baadaye kinachopotea: usiende peke yako. Hapo kwenye kipato cha baadaye ndipo fedha nyingi hupotelea.

Chukua mtu anayepoteza 2 kila mwaka kwa miaka 20. Kwa kujumlisha tu ni 40. Lakini analipwa zote leo na anaweza kuziwekeza, kwa hiyo hupunguzwa. Kwa kiwango cha 5% kwa mwaka zinakuwa takribani 25. Kwa 0.5%, ambacho ndicho kiwango rasmi cha Uingereza na Wales tangu Januari 2025, ni takribani 38, kabla hata ya kugusa uwezekano wa kufa mapema au kukosa kazi. Mguu uleule, hasara ileile, tofauti ya 13 imetokana na namba moja. Afisa madai akikupa jumla bila kuonyesha kiwango alichotumia, mwombe akiandike.

Kikao_Kimoja

Njia ya msuluhishi mmeiacha yatima. Faida zake ni kwamba humalizika kwa siku moja mara nyingi, yanayosemwa humo hayapelekwi mbele ya hakimu, na ada kwa kawaida hugawanywa. Lakini inakwama kwa sababu zilezile kila mara.

Kubwa ni upande wa bima kumleta mtu asiye na mamlaka ya kulipa. Saa sita za mazungumzo, kisha "ngoja nipige simu ofisini", na simu inarudi na namba ileile ya asubuhi. Sharti liandikwe kabla ya tarehe kupangwa: atakayehudhuria awe na uwezo wa kukubali hadi kiasi chote kinachodaiwa. Nyingine ni kwenda kabla ripoti za daktari hazijabadilishana mikono. Kila upande unajadili mguu tofauti.

Mkikubaliana, msitoke chumbani bila maandishi yaliyosainiwa: kiasi, tarehe ya malipo, riba ya kuchelewa, na nani anabeba deni la hospitali. "Tutatuma rasimu wiki ijayo" huzaa mgogoro mpya.

TareheHaisubiri

Njia ya nne, ya kwenda hadi hukumu, ina mitego mitatu, na wa kwanza unawahusu hata wasiotaka kwenda mahakamani.

Tarehe ya mwisho. Uingereza ni miaka mitatu tangu kuumia au tangu ulipojua, na mtoto huanza kuhesabiwa akifikisha miaka 18. Marekani hutegemea jimbo: Tennessee ni mwaka mmoja. California ni miwili, lakini dai dhidi ya taasisi ya serikali lazima liwasilishwe kwanza ndani ya miezi sita. Kosa linalojirudia: mtu anadhani kwa kuwa bima inajibu barua zake, muda umesimama. Haujasimama. Mazungumzo hayasogezi tarehe isipokuwa kuna makubaliano ya maandishi, na barua za upole huongezeka kweli mwezi wa mwisho.

Mchango wako katika kosa. Uingereza, asiyefunga mkanda hukatwa 25% kama mkanda ungezuia jeraha lote, 15% kama ungelipunguza. Kipimo hicho kimetumika tangu kesi ya Froom dhidi ya Butcher. 160 yako inakuwa 120 au 136. Majimbo ya Marekani ya Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia ni makali zaidi: sehemu ndogo ya kosa ikiwa yako, kwa kawaida hupati kitu.

Ofa rasmi uliyoikataa. Uingereza upande wa pili ukitoa ofa kwa utaratibu wa Sehemu ya 36 ya kanuni zao za mashauri ya madai, una siku 21 za kuikubali. Ukikataa na hukumu isiizidi, gharama zao tangu siku hizo zilipoisha zinaweza kukatwa kwenye fidia yako. Unashinda kesi na bado unatoka mkono mtupu.

(New Zealand mjadala huu haupo kwa sehemu kubwa. Tangu 1974 wana mfuko unaolipa bila kutafuta mwenye kosa, na wameondoa haki ya kushtaki kwa ajili ya majeraha yenyewe.)

Mizani_Sawa

Shukrani wakuu. Sasa, huyu wa muundi hana kipato miezi hii ya kusubiri. Afanyeje bila kusaini?

KaratasiKwanza

Aombe malipo ya awali. Kosa likiwa limekubaliwa, bima nyingi hutoa, na pale penye shauri mahakama inaweza kuamuru katika nchi zenye utaratibu huo. Barua iambatishe risiti na hati za mshahara, na iseme wazi kwamba kiasi kitahesabiwa ndani ya fidia ya mwisho.

Kikija, asome karatasi kabla ya kalamu. Maneno "sehemu ya malipo" ni salama. Maneno "malipo kamili na ya mwisho ya madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana" yakiwemo, hayo si malipo ya awali hata kama barua ya juu imeyaita hivyo. Airudishe na kifungu hicho kimefutwa kwa mstari, atunze nakala, na asiweke hundi benki mpaka ajibiwe kwa maandishi. Nchi kadhaa huhesabu kuipokea hundi kama kukubali.